Maandiko ao binere? Somo juu ya namna ya kuweka habari ndani ya ordinatere



Katika gazeti letu dogo tumezoea kusoma masomo juu ya afya, historia na sarufi ya Kifaransa. Leo naleta somo la namna ingine. Ni juu ya ordinatere, lakini wale wasio na ordinatere wasigeuze ukurasa. Wengi wetu tuko na telefone, na kila mmoja wetu ana pointi zake zilizoandikwa fasi fulani katika ofisi. Kwa hiyo somo hili ni letu sote.

Swali ni hili: tukitaka kuweka habari ndani ya mashini, tuiweke kwa maandiko ambayo mtu anaweza kusoma kwa macho yake, ao tuiweke kwa namna ya mashini yenyewe, inayoitwa binere? Nilifikiri ya kama hilo ni jambo la mafundi peke yao. Mwaka uliopita niliona kwamba sivyo, na nitawaeleza sababu.

1. TUANZE NA NGOMA

Kando ya mto Kongo, karibu na Kisangani, Walokele walikuwa wakituma habari kwa ngoma ya mti uliochimbwa tumbo. Ngoma ile iko na sauti mbili tu: moja ya juu, moja ya chini. Mumisionere Muingereza John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1949.

Namna gani sauti mbili zinaweza kusema maneno? Ni kwa sababu katika Kilokele kila neno lina mapando na mashuko yake ya sauti. Ngoma inafuata mapando yale. Lakini inapoteza herufi, na maneno mengi yanabaki na mlio mmoja. Ndiyo maana mpiga ngoma hasemi "mwezi" tu. Anasema mwezi ule unaoangalia dunia kutoka juu. Habari inakuwa ndefu, lakini msikiaji hana mashaka.

Sisemi ya kama ngoma ni ordinatere. Lakini inatufundisha mambo mawili. Kwanza, alama mbili zinatosha kubeba habari yo yote. Pili, yule asiyejua ufunguo anasikia kelele tu, hata kama masikio yake ni mazima. Mushike sana hilo neno ufunguo. Somo lote linasimama juu yake.

2. NDANI YA ORDINATERE YOTE NI NAMBA

Ordinatere pia iko na alama mbili: 0 na 1. Alama moja inaitwa biti. Biti nane pamoja zinaitwa okteti, na okteti moja inaweza kubeba namba kutoka 0 mpaka 255, ni kusema namba 256.

Hakuna herufi A ndani ya mashini. Kuna namba tu, na watu walipatana ni namba gani itakuwa alama ya A. Katika mwaka 1963, Wamarekani walitoa orodha inayoitwa ASCII, yenye alama 128. Ndani yake A ni 65, a ndogo ni 97, na alama ya 0 ni 48. Orodha ile haikuwa na é wala ç, sababu Kiingereza hakizihitaji sana. Katika mwaka 1992, Ken Thompson na Rob Pike walitengeneza UTF-8, ambayo inachukua ASCII yote na kuongeza herufi za lugha zote. Ndani ya UTF-8, é inachukua okteti mbili: 195 na 169.

Basi tazameni jambo moja ambalo wengi hawalioni. Maandiko nayo ni namba! Tofauti haiko katika namba, iko katika ufunguo. Fishie ya maandiko inatumia ufunguo ambao dunia nzima inao. Fishie ya binere inatumia ufunguo ambao mwenye programu aliuchagua mwenyewe.

Tuchukue namba 200. Ukiiandika kwa maandiko, unaandika alama tatu, 2 na 0 na 0, ni kusema okteti tatu: 50, 48, 48. Ukiiweka kwa binere, okteti moja inatosha: 200 yenyewe. Milioni moja kwa maandiko ni okteti saba. Kwa binere, mafundi wanaiweka mara nyingi katika kisanduku cha okteti nne.

Lakini ngojeni. Namba 7 kwa maandiko ni okteti moja, na ile ya kuitenga na namba inayofuata ni ya pili. Kwa binere, kama fundi alitayarisha visanduku vya okteti nne, hata 7 inachukua nne. Kwa hiyo wale wanaosema ya kama binere iko ndogo siku zote wanakosea. Inategemea habari yenyewe.

3. FISHIE MBILI ZA OFISI

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike somo hili.

Mwaka uliopita kaka mmoja aliyesoma hapa zamani alikuja kuomba pointi zake. Alihitaji karatasi yenye pointi za kila somo, kwa miaka miwili, kusudi aweze kuingia katika shule ya kazi. Makaye ya pointi ya miaka ile yaliliwa na mchwa. Ilibaki flashi moja katika meza ya Mama Sekretere. Ndani yake kulikuwa na fishie mbili, moja kwa kila mwaka.

Fishie ya pili ilikuwa ya maandiko. Mtu aliiandika mstari kwa mstari: jina, kisha pointi, na juu kabisa majina ya masomo. Tuliifungua kwa telefone, palepale, mbele ya kaka yule. Kazi ya dakika moja.

Fishie ya kwanza ilikuwa ya binere. Ilitengenezwa na programu ambayo fundi mmoja aliiandikia shule. Fundi alihama, mashini ile ilikufa, programu haikupatikana tena. Tulipofungua fishie kama maandiko, tuliona vipande vya majina katikati ya alama za ajabu. Hakuna pointi hata moja.

Mwalimu wetu wa hesabu akasema: "Tusikate tamaa. Pale ndani mna namba. Tutafute ufunguo." Alituitia programu ndogo inayoonyesha kila okteti kwa namba yake, na sisi watatu tulikaa nayo Jumamosi mbili.

Kwanza tulipima nafasi kati ya jina na jina. Kila mwanafunzi alianza okteti 64 nyuma ya mwenzake. Jina lilikaa katika okteti 32 za mbele. Hapo tuliona kosa la kwanza: wale wenye jina, postinomi na prenomi ndefu walikatwa mwisho. Kisanduku kilijaa, na herufi zilizobaki zilitupwa bila kelele.

Zilibaki okteti 32. Tulifikiri ya kama ni namba 16 za okteti mbili mbili: masomo 15 na jumla. Lakini okteti mbili zinasomwa namna gani? Bahati nzuri, palmaresi ya mwaka ule ilikuwa ingali katika kabati, yenye majina na jumla za pointi. Mwanafunzi mmoja alikuwa na jumla ya 1 000. Tulitafuta fasi yake ya mwisho, tukakuta okteti 232 na 3.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Ukisema okteti ya kwanza ndiyo kubwa, unapata 232 mara 256, kuongeza 3, ni 59 395. Hakuna mwanafunzi wa pointi nyingi vile! Ukisema okteti ya kwanza ndiyo ndogo, unapata 3 mara 256, ni 768, kuongeza 232, ni 1 000 kamili. Kumbe mashini ile iliandika ndogo kwanza, kubwa nyuma. Mashini zingine zinaandika kinyume chake. Fishie yenyewe haisemi. Tulijaribu na majina mengine, jumla zote zikawa sawa na palmaresi. Hata zile namba 15, tukizijumlisha, zilitoa jumla ile ile. Tulipiga makofi.

Lakini furaha ilikuwa fupi. Tulikuwa na namba 15 kwa kila mwanafunzi, na hatukujua ipi ni Kifaransa, ipi ni hesabu, ipi ni jiografia. Majina ya masomo hayakuwa ndani ya fishie. Yalikuwa ndani ya programu iliyopotea. Mmoja wetu akasema tukisie: hii kubwa bila shaka ni Kifaransa. Mwalimu akakataa. Alisema: "Kukisia pointi ya mtu na kuipigia muhuri ni kuandika uongo." Kaka yule alipewa karatasi ya mwaka mmoja yenye pointi zote, na ya mwaka mwingine yenye jumla peke yake. Alishukuru, lakini tuliona uso wake.

Silaumu fundi. Programu yake ilifanya kazi vizuri siku zile. Kosa ni kwamba hakuna mtu aliyeuliza ni nani atasoma fishie ile siku ambayo fundi hayupo.

4. BINERE NAYO INA KAZI YAKE

Nyuma ya habari hii wengine watasema: basi binere ni mbaya, tuache. Hapana. Tuwe wenye haki.

Fikirini foto ya telefone yenye vitone milioni 12. Kila kitone kina rangi tatu, na kila rangi ni namba ya 0 mpaka 255. Kwa binere, mbele ya kuibana, ni okteti milioni 36. Tukiandika namba zile kwa maandiko, kila moja ikiwa na alama tatu na nafasi ya kuitenga, inaweza kufika okteti milioni 144. Nani atalipa mega za kuituma? Na nani atasoma milioni 36 za namba kwa macho? Hakuna. Maandiko hapo yanaongeza uzito bila kumsaidia mtu ye yote.

Tena kuna mwendo. Kwa maandiko, mashini inapaswa kusoma alama moja moja, kuona namba inaisha wapi, kisha kuigeuza. Kwa binere inachukua okteti na kuendelea. Kwa habari chache hutaona tofauti. Kwa sauti, sinema, ao vipimo vinavyofika maelfu kwa sekonde, tofauti ni kubwa.

Na binere yenye ufunguo wa wazi haifungi mtu nje. Tazameni foto za PNG, zilizotangazwa mwaka 1996. Kila fishie ya PNG inaanza na okteti nane zile zile: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Hizi 80, 78, 71 ni herufi P, N, G katika ASCII. 137 iko pale kwa kusudi: inapita 127, na kama njia ya kutuma inapoteza biti ya nane, kosa linaonekana mara moja. 13 na 10 ni alama za mwisho wa mstari, ambazo programu zingine zinazigeuza zikifikiri ya kama fishie ni maandiko. Zikigeuzwa, msomaji anajua fishie imeharibika. Wale waliotengeneza PNG walifikiri hatari za njiani, na walitangaza ufunguo wote. Ndiyo sababu fundi yo yote anaweza kuandika programu ya kuisoma.

5. MAANDIKO NAYO YANAWEZA KUDANGANYA

Nilisema fishie ya pili ilifunguka kwa dakika moja. Ni kweli. Lakini tulipoitazama vizuri, tuliona makosa ndani yake pia.

Kwanza, majina. Béatrice alionekana BÃ©atrice. Sasa mnajua sababu: é ni okteti 195 na 169 katika UTF-8. Programu iliyotumia ufunguo wa zamani, wenye okteti moja kwa kila herufi, ilisoma okteti mbili kama herufi mbili. Kumbe hata maandiko yana funguo zaidi ya moja! Mnaona jambo lile lile katika ujumbe wa telefone. Ujumbe mmoja ni okteti 140. Kwa herufi fupi za biti saba unapata herufi 160. Lakini ukiweka herufi isiyokuwa katika orodha ile, kama ê, telefone nyingi zinageuza ujumbe mzima kwa biti 16 kila herufi, na unabaki na nafasi 70 tu.

Pili, vituo. Sisi tunafuata Kifaransa, tunaandika nusu kwa kituo kidogo: 12,5. Na fishie nyingi za maandiko zinatenga habari kwa kituo kile kile. Mstari wenye 12,5,14 unasema nini? Ni 12, na 5, na 14? Ao ni 12 na nusu, kisha 14? Ndiyo sababu programu za Kifaransa zinatenga mara nyingi kwa alama hii. Ili pointi zisivunjike.

Tatu, zero za mbele. Namba za telefone za wazazi zilipoteza 0 ya kwanza, sababu programu ya tablo ilifikiri ni namba za hesabu, na katika hesabu 0 ya mbele haina maana. Maandiko yanaonyesha alama, lakini hayasemi kama ni hesabu, tarehe ao jina. Programu inakisia.

Musifikiri ya kama ni wanafunzi tu wanaopata shida hii. Wataalamu wa biolojia walikuwa na jeni zilizoitwa SEPT1 na MARCH1. Programu ya tablo ilizigeuza kuwa tarehe: ya kwanza Septemba, ya kwanza Machi. Makosa yaliingia hata katika kazi zilizochapishwa. Katika mwaka 2020, wale wanaotoa majina ya jeni walitangaza majina mapya, SEPTIN1 na MARCHF1. Ilikuwa rahisi kugeuza jina la jeni kuliko kuzuia programu kukisia!

Na kuna hatari kubwa zaidi: kusoma namba vizuri na kukosa maana yake. Katika Desemba 1998 Marekani ilituma chombo cha Mars Climate Orbiter kwenda sayari ya Mars. Programu moja duniani iliandika nguvu za mitambo kwa kipimo cha Kiingereza, na ile iliyozipokea ilizisoma kama kipimo cha metriki. Kila namba ilikosea karibu mara 4 na nusu. Chombo kilipotea tarehe 23 Septemba 1999. Mashini zilisomana bila shida, namba zilipita, lakini maana haikupita. Basi kipimo nacho ni sehemu ya ufunguo.

6. HABARI INAYOKUA

Habari haikai vile vile. Mwaka huu tuna masomo 15, mwaka ujao linaongezwa moja. Katika fishie ile ya binere ya visanduku, somo moja likiingia katikati, vyote vinavyofuata vinasukumwa, na programu ya zamani itasoma jiografia fasi ya hesabu.

Visanduku vinajaa pia. Ordinatere nyingi zilihesabu wakati kwa sekonde tangu mwanzo wa mwaka 1970, katika kisanduku cha okteti nne. Namba kubwa inayoweza kukaa mle ni 2 147 483 647. Itafikiwa tarehe 19 Januari 2038, na mashini zisizotengenezwa mbele ya siku ile zitarudi nyuma mpaka mwaka 1901. Fundi aliyechagua kisanduku kile hakuona mbali vile.

Kuna njia mbili za kusaidia. Ya kwanza ni ya maandiko: kila habari inabeba jina lake. Hivyo ndivyo inafanya JSON, iliyoenezwa na Douglas Crockford na kuandikwa kama kanuni mwaka 2006. Unaandika "hesabu": 14, na msomaji hawezi kuipoteza. Ubaya wake ni kurudilia jina mara elfu, lakini maneno yanayorudiliwa yanabanwa kwa urahisi sana na programu za kubana. Ya pili ni ya binere: kila habari inabeba namba yake ndogo fasi ya jina. Hivyo ndivyo zinafanya Protocol Buffers, ambazo Google ilizitoa kwa watu wote mwaka 2008. Somo jipya linapewa namba mpya, na programu ya zamani ikikuta namba isiyoijua inaruka, inaendelea. Lakini karatasi inayosema namba 7 ni somo gani inapaswa kuwekwa vizuri. Ikipotea, tumerudi kwa shida ya kaka yule.

Kuna pia njia za katikati. Barua unayoandika kwa Word na kuweka kama docx ni mfuko wa binere uliobanwa, na ndani yake mna maandiko. Na SQLite, iliyoanza mwaka 2000, ni binere, lakini ufunguo wake umetangazwa wote, hata maktaba kubwa ya taifa la Marekani inaikubali kwa kuweka habari za miaka mingi.

7. NAMNA YA KUCHAGUA

Mbele ya kuchagua, jiulizeni maulizo manne.

a) Nani atasoma? Kama ni mtu, ao kama mtu atahitaji siku moja kusahihisha kwa mkono, chagua maandiko. Kama ni mashini kwa mashini tu, binere inaweza kufaa.

b) Kwa muda gani? Kitu cha leo na kesho kinaweza kukaa kwa binere ya programu moja. Kitu cha miaka 20 kisikae katika muundo ambao mtu mmoja peke yake anaujua.

c) Ni nyingi namna gani? Majina 400 ya shule ni kidogo sana kwa mashini ya leo. Usimnyime mtu macho yake kwa kuokoa okteti ambazo hakuna anayezihitaji. Lakini kwa foto, sauti na sinema, okteti ni mega, na mega ni franka.

d) Ufunguo uko wapi? Hili ndilo kubwa. Kama ni maandiko, andika ni UTF-8, habari zinatengwa na alama gani, na kipimo ni nini. Kama ni binere, andika kila kisanduku kina okteti ngapi, ipi inatangulia, na maana yake. Ufunguo usikae ndani ya kichwa cha mtu mmoja ao ndani ya programu moja.

Tulipeleka mawazo haya kwa Bwana Prefe, naye alikubali. Tangu hapo, pointi zetu zinawekwa katika fishie ya maandiko ya UTF-8, zikitengwa na alama. Na mstari wa kwanza una majina ya masomo na pointi kubwa ya kila moja. Foto za wanafunzi zinabaki binere, sababu ndiyo kazi yake. Ufunguo wa yote umeandikwa kwa biki katika ukurasa wa kwanza wa kaye ya ofisi, na kopi yake imewekwa katika kabati ya chuma ambamo mchwa hawaingii.

Sisi wafinalisti tunatoka mwaka huu. Siku moja kila mmoja wetu atarudi hapa kuomba karatasi. Yule atakayefungua fishie zetu labda bado ni mtoto wa shule ya msingi leo. Tumwandikie namna ambayo ataweza kusoma bila kutuita.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Namba 255 inachukua okteti ngapi kwa maandiko? Na kwa binere?
2. Namba 70 000 inaweza kukaa katika kisanduku cha okteti mbili? Onyesha kwa hesabu.
3. Umekuta okteti 1 na 44. Ni namba gani kama kubwa inatangulia? Na kama ndogo inatangulia?
4. Kwa nini tuliweza kupata jumla za wanafunzi katika fishie ya zamani, lakini si pointi za kila somo?
5. Shule inataka kuweka: (a) orodha ya vitabu vya maktaba, (b) nyimbo za kwaya zilizorekodiwa, (c) mvua iliyopimwa kila asubuhi. Chagua muundo kwa kila moja, na uandike ufunguo wake katika mistari mitatu.

Majibu ya 1 mpaka 3, kwa wale wanaotaka kujisahihisha: 3 na 1, hapana, sababu okteti mbili zinaishia 65 535, 300 na 11 265. Majibu ya 4 na 5 leteni katika kilasi, tutayazungumza pamoja na mwalimu wa hesabu.

Ni mimi mwenzenu,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho